Ua la Mama kwenye Ndoo ya Rangi

Katindiuka, Ifakara
12 Oktoba 2024

Kwako Balbina,

Usishtuke. Mwandiko huu ni wangu mimi dada yako Eufrasia, na sijafa wala sijafiwa. Siku tulipomaliza matanga ya Mama nilisema mbele ya watu kwamba sitaki kuisikia sauti yako tena, nawe ukaniita mwizi na kusema simu yoyote itakayotoka nyumba yangu hutaipokea. Mimi si mtu wa kula matapishi yake, na nakujua wewe pia huli yako. Lakini barua haina sauti, wala haipokelewi kwa kubonyeza. Kwa hiyo hapa hakuna aliyeshindwa.

Nampa Amedeus, yule dereva wa fuso anayepita hapo kwako Mkula kila wiki. Jibu lako mpe yeye yeye.

Shida yangu ni ndogo, tena si shida. Ni ua la Mama. Limestawi mpaka wageni wakiingia sebuleni wanalisalimia kabla hawajanisalimia mimi. Sasa kile chungu alicholilelea Mama kimekuwa kidogo, nataka kulihamishia kwenye chombo kingine. Unajua nimelima mpunga miaka arobaini, hakuna mche ulionishinda. Lakini watu wanasema umekuwa fundi wa maua ya vyungu hapo barabarani, mpaka magari ya Dar yanasimama kununua. Basi niambie wakati gani unafaa na kazi yenyewe inafanywaje. Andika hatua kwa hatua, usiandike kwa maringo.

Hili si ombi la msamaha. Ni swali la kilimo.

Dada yako,
Eufrasia


Mkula
19 Oktoba 2024

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu Mama alinifundisha kumwamkia mkubwa, si kwa sababu nyingine.

Amedeus alisimamisha fuso mbele ya banda langu, akaninyooshea bahasha kwa ncha za vidole kama ameshika nyoka. Nimeisoma mara tatu, na mara mbili nilikuwa natafuta palipoandikwa samahani. Hakuna. Sawa, swali la kilimo litajibiwa kikulima.

Kwanza, lini. Ua halihamishwi kwa sababu mwenyewe amechoka kukitazama chungu. Chungulia chini: ukiona mizizi inatokeza kwenye matundu, ujue chungu kimejaa. Limwagilie: maji yakipita moja kwa moja yakatokea chini, ujue humo ndani mizizi ni mingi kuliko udongo. Ukilinywesha asubuhi na jioni majani yamelala tena kwa kiu, halikudanganyi. Na msimu ndio huu, mvua za kwanza zinaponukia, maana mmea unaamka na jeraha linapona upesi. Ukilisumbua Juni, Julai au Agosti, lingali limelala, utalitafutia maradhi.

Sasa namna yenyewe. Lipe maji siku moja kabla. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa vidole viwili tu kila upande. Najua mkono wako unapenda vikubwa, lakini mmea mdogo kwenye chombo kikubwa unakaa kwenye maji usiyoweza kuyamaliza, unaoza. Chombo lazima kiwe na matundu, na juu ya matundu weka vigae. Changanya udongo wa kawaida wa bustani sehemu mbili, mchanga wa mtoni moja, samadi iliyooza mpaka haina harufu sehemu moja, na pumba za mpunga sehemu moja. Pumba zichomwe ziwe nyeusi, zisifike kuwa majivu. Halafu pitisha shina katikati ya vidole, geuza chungu juu chini, gonga kitako, litatoka zima. Fungua mizizi polepole kama unamfumua nywele mtoto mwenye kulialia. Iliyooza kata. Lirudishe udongoni kwa kina kile kile, usilishindilie kwa ngumi, lipe maji, liweke kivulini wiki mbili. Mbolea usiiguse mwezi mzima.

Na hapa unisikilize vizuri, dada. Usithubutu kutumia udongo wa jaruba. Najua unavyouabudu. Kule kwenye mpunga ni dhahabu. Kwenye chungu ukilowa ni uji, ukikauka ni tofali, na mizizi ya ua hili inataka kupumua.

Hukuniambia ni dalili gani umeziona. Niambie.

Balbina


Katindiuka
2 Novemba 2024

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako imenikuta natoka kanisani kuwaombea marehemu. Mama nimemwombea mara mbili, mara moja kwa niaba yako, kwa kuwa sijui kama huko Mkula mnakumbuka.

Dalili zote nimeziona, na hatua zote nimezifuata. Ua limetulia. Ila kwenye udongo wa jaruba umeteleza. Udongo huo ndio uliokusomesha wewe mpaka darasa la saba na ukajua kuniandikia barua ya kunisema. Unanipa gunia ishirini na tano kwa ekari bila mbolea. Utashindwaje na kijimmea kimoja cha sebuleni? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Balbina, na mkuu ni mimi.

Hata hivyo nina swali la kujifunza tu. Kuna mama mmoja jirani hapa, sitamtaja jina. Yeye alilitia ua kama hilo hilo kwenye udongo wa jaruba tangu Agosti. Majani yamekuwa ya njano, yanaanguka moja moja. Nimemwambia hajui kulima. Afanyeje? Nijibu haraka, si kwa ajili yangu, ila ananisumbua kila siku kuja kuuliza.

Nimekuwekea kiroba cha pumba kwenye gari la Amedeus, za mpunga wangu mwenyewe. Usinishukuru.

Eufrasia


Katindiuka
2 Novemba 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Ni mimi Jenifer, binti wa dada yako. Karatasi hii nimeificha ndani ya kiroba cha pumba kwa sababu simu zetu hupokei, na mama akijua nimekuandikia nimekwisha.

Hakuna jirani. Jirani ni mama mwenyewe.

Mwezi wa nane, tulipomaliza kuvuna, alisema ua la bibi linabanwa, analihurumia. Akaleta ndoo ya rangi ya lita ishirini, nzima kabisa, akasema haina haja ya kutobolewa, kapeti litalowa. Akajaza udongo wa jaruba, akamwaga maji, akavuruga mpaka ukawa tope laini. Akaling'oa ua, akaiosha mizizi ikawa mieupe, akakata ncha za majani yote kwa kisu kama tunavyoikata miche ya mpunga kabla ya kuipanda. Halafu akalichomeka kwenye tope na maji yakasimama juu. Nilimwambia, mama, hilo ni ua. Akanijibu nisimfundishe kazi aliyoianza kabla sijazaliwa.

Aisee, lilikuwa na majani thelathini na moja. Yamebaki matatu. Upande wenye kipara ameugeuzia ukutani ili wageni wasiuone. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, anakwenda kuyahesabu. Jana nimemkuta amekaa chini kwenye kapeti, kaikumbatia ndoo, analia. Aliponiona akasema ni vumbi. Unamjua mama. Hata kwenye msiba wa bibi hakulia.

Nisamehe kwa kuingilia mambo ya wakubwa. Lakini ndani ya nyumba hii hakuna kitu kingine cha bibi, na hilo likifa sijui mama atakuwaje. Kama kuna dawa, mwambie kwa ujanja. Usinitaje, itakuwa noma.

Jenifer


Mkula
9 Novemba 2024

Dada, shikamoo.

Pumba nimezipata. Ni safi. Asante, na nimeshukuru kwa makusudi ili ukasirike.

Huyo jirani yako mwambie hivi, na iwe leo. Akilaze chombo, alitoe ua bila kulivuta, tope aliondoe kwa maji ya kumimina. Mizizi iliyolegea na kunuka aikate yote bila huruma mpaka afike penye weupe, na kisu kipite kwanza kwenye moto. Palipokatwa apapake majivu ya kuni. Akikuta kichipukizi chenye mzizi wake mwenyewe, hata uwe mfupi kama kidole, akitenge hicho kwanza. Shina kubwa likiwa limeshaoza ndani halitapona, na litaondoka na mtoto wake. Chombo kiwe kidogo. Kopo la maziwa lililotobolewa linatosha. Mchanga uzidi udongo. Maji asitie mpaka achomeke kidole akute pakavu. Na asiyahesabu majani kila asubuhi, hayaongezeki kwa kuhesabiwa.

Mwambie tena kwamba hakufanya upumbavu. Alilipa ua kitu bora kuliko vyote alivyonavyo, na kitu bora alichonacho ni tope la jaruba. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa barabarani niliua vyungu ishirini kwa kuvitilia mbolea ya dukani kama chumvi kwenye maharage. Nilijificha nyuma ya banda nikalia, halafu nikaenda kuuliza kwa watu.

Mficha uchi hazai, dada. Yamebaki mangapi?

Balbina


Katindiuka
24 Novemba 2024

Balbina mdogo wangu,

Limebaki moja.

Jenifer nimemhoji, akakana mpaka akaapa kwa msalaba, kwa hiyo najua ni yeye. Sitamfanya kitu.

Barua yako ilipofika nilifanya ulivyosema, siku ile ile. Nilipoilaza ndoo harufu ilijaa sebule nzima. Mizizi ilikuwa kamasi. Mimi mafuriko yamenichukulia shamba mara mbili na nikasimama nikapanda upya, watu wakinishangaa. Sijawahi kuona aibu mbele ya mmea. Siku hiyo niliona. Nikakata, nikakata, mpaka mkononi nikabaki na kichipukizi kimoja chenye jani moja na mzizi wa urefu wa kidole. Nilikaa nacho wiki mbili kuona kama kitasimama. Hakijafa. Ndicho hicho kwenye kopo. Nimemwambia Amedeus kisikae nyuma na magunia, kikae mbele kama abiria.

Sikukileta ili ukitibu na kunirudishia. Ni chako. Nitakuambia kwa nini, na ukimaliza kusoma ukitaka kunitukana, nitukane.

Jumapili ya mwisho ya uhai wake Mama alinipigia. Nilikuwa shambani, mashine ya kuvunia ilikuwa imepatikana siku hiyo tu, na wingu limefunga. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema, "Frasia, ua langu mpe Balbina." Nikamjibu Mama acha maneno hayo, Ijumaa nakuja, namalizia kuvuna. Akafa Jumanne. Nilipofika ulikuwa umeshamwosha, umeshamvika, umeshafanya kila kitu ambacho mtoto anamfanyia mzazi wake. Kazi iliyobaki kwangu ilikuwa kupokea pole, na kila mtu aliyenipa pole niliona ananisuta. Ndipo nikaliona ua pale dirishani. Nikasema mimi ndiye kifungua mimba, hili ni langu. Nilitaka niwe na kitu mkononi. Ulipobisha nikakufokea kwa sababu ulikuwa na haki, na mimi peke yangu ndiye niliyejua una haki.

Mama alilitoa Mahenge akiwa msichana, akavuka nalo mto kwa mtumbwi pale Kivukoni wakati daraja halijafikiriwa, limekaa naye maisha yake yote. Kwangu limekaa miaka miwili. Nisamehe, Balbina. Neno ulilolitafuta kwenye barua ya kwanza nimeliandika sasa, na nilipaswa kuliandika siku ya matanga.

Dada yako,
Eufrasia


Mkula
1 Desemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na safari hii imetoka moyoni.

Abiria wako amefika salama. Amedeus alimtia ndani ya kofia yake, akamkalisha kiti cha mbele na kumfunga mkanda. Nimekihamishia kwenye kichungu kidogo, mchanga na pumba zako nilizozichoma mwenyewe. Jani limesimama. Lakini sitakudanganya, mzizi mmoja ni mmoja. Nimeokoa mengi kwa mikono hii na najiamini. Hili sijui.

Nilipoisoma barua yako nilifunga banda saa tano asubuhi, mteja akiwa amesimama na waridi mkononi. Sikukutukana. Ningekutukana kwa mdomo upi?

Jumamosi ile, siku moja kabla Mama hajakupigia wewe, nilikuwa namgeuza kitandani. Akanishika mkono, akasema, "Ua mwachie dada yako. Wewe umenitunza mimi, yeye hana alichopata kukitunza." Nikaitika, ndiyo Mama. Akaniuliza tena kama nimesikia, nikaitika tena. Halafu siku ile ulipolishika ua, nikasimama mbele ya Paroko na ukoo mzima nikasema Mama ameniachia mimi. Nilisema uongo, dada. Nilikuwa nimechoka. Miezi saba nilimbeba peke yangu, usiku na mchana, na kila asubuhi aliuliza habari za ua kabla ya kuuliza kama nimelala. Nikaona unakuja kwa siku tatu na kuondoka nalo. Nilikuonea wivu. Nikakuita mwizi wa kitu ambacho nilishaagizwa nikupe.

Nimekaa nawaza wiki nzima. Mimi niliambiwa nikuachie wewe, wewe uliambiwa unipe mimi. Akili yake ilikuwa nzima mpaka mwisho, hakuchanganya. Alitaka kila mmoja wetu alishike ua na kumpa mwenzake. Ama Mama hakutujua kabisa, ama alitujua sana akaamua kujaribu bahati yake.

Hukuchukua cha mtu, dada. Nisamehe na wewe.

Sasa likipona ni la nani? Mimi nimeshindwa kuamua. Amua wewe, mkubwa ni wewe.

Mdogo wako,
Balbina


Mkula, mbele ya banda lako
Jumapili, 8 Desemba 2024, saa nne asubuhi

Balbina,

Misa ya kwanza nimeikimbia, nimepanda basi la kwanza, nimefika nakuta banda limefungwa. Restituta wa mgahawa hapa jirani ananiambia umeondoka asubuhi na mapema na gari la Ifakara, umevaa kitenge kipya na umebeba mfuko wa machungwa. Tumepishana njiani. Bila shaka ulikuwa umelala na kichwa dirishani, na mimi nilikuwa natazama upande wa mlimani nikipanga maneno ya kukuambia.

Tumejaribu kukupigia kwa simu ya Restituta. Simu yako inaita humu humu ndani ya banda, naisikia, na ya Jenifer haipatikani. Mwanamke mzima unasafiri bila simu.

Nimelichungulia ua kupitia wavu. Kuna jani la pili linachomoza, bado limejikunja. Sikumwambia Restituta ninachokitazama, nimelia tu mbele yake, naye ameniletea chai na hataki nilipe.

Nilikuja kukuambia libaki kwako. Restituta anasema ulimwambia unakwenda kuniambia libaki kwangu.

Amedeus yuko hapa na fuso limejaa saruji, mbele amempakia mgonjwa, mimi hakuna pa kuniweka. Nampa karatasi hii yeye atangulie, mimi nafuata na basi la saa tano. Tafadhali mdogo wangu, usigeuze. Jenifer yuko nyumbani, atakupikia. Kaa hapo kwangu, usiondoke mpaka nifike.

Eufrasia